Kulala kwenye hema pwani ya Tanga: angalia mwezi kwanza, hema baadae

Mwaka nilioanza haya mambo ya kulala nje nilikuwa najiona fundi kweli, nishalala Usambara na baridi yake, nishalala Uluguru mvua inanyesha usiku kucha, nikasema pwani sasa hapo ni mteremko tu, mchanga laini, upepo, samaki, nani atalala vibaya. Basi tukafika Ushongo, kusini ya Pangani, mimi na jamaa zangu wawili, saa moja na nusu usiku, mwezi mpevu ndo umetoka baharini mkubwa kama sinia la pilau, maji yanarudi nyuma yako mbali huko, mchanga umeshakauka juujuu kwa upepo na umenyooka sawasawa kama meza. Tukasimamisha hema hapohapo, tukala, tukapiga stori, tukalala. Saa 10 kasoro alfajiri nikahisi godoro linatembea. Kufungua zipu, bahari iko mlangoni, na kiatu changu cha kulia nakiona kinaondoka taratibu kama ngalawa.

Asubuhi akapita mzee mmoja mvuvi, tukamuamkia shikamoo, akaitikia, akaangalia vitu vyetu vimeanikwa kila mahali, akasema "wajukuu zangu, mmelala kitandani kwa mwenyewe." Ndo akatueleza kitu ambacho kila mtoto wa pale anakijua, kwamba mchanga ukiuona umenyooka vile ujue kuna aliyeupiga pasi, na aliyeupiga pasi anarudi.

Kwa hiyo mwongozo wangu wa kukempu pwani unaanza na mwezi. Sio aina ya hema, sio jiko gani, mwezi. Maana pwani mwezi ndo unaoamua utalala wapi, utaoga saa ngapi, utakula nini na bei gani, na hata kama utapata boti au hupati. Nitaongelea huku kwetu zaidi, Bagamoyo mpaka Tanga, lakini ukienda Tiwi au Kilifi kwa majirani wa Kenya maji ni hayohayo.

Iko hivi. Bahari yetu inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, kila siku inachelewa kidogo kuliko jana, chukulia dakika 50 hivi, siku nyingine pungufu siku nyingine saa nzima. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo tunasema bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika mita 3 na kitu, hata inakaribia 4. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, yanasogea kidogo tu hayana makali. Sasa kitu cha kushika kichwani, na hiki hakibadiliki huku kwetu: siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa 10 jioni na saa 10 alfajiri, na yanakupwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Ukishajua hilo unahesabu mwenyewe bila hata bando, siku tatu baada ya mwezi mpevu kujaa kunasogea mpaka kwenye saa 12 na nusu hivi, na kwenye maji mafu mambo yanageuka kabisa, saa 4 ndo maji yamejaa. Angalia kilichotukuta sisi: mgeni anafika jioni giza linaingia, maji yanatoka, anaona ufukwe mpana mzuri, analala, na saa 10 alfajiri usingizi umenoga ndo yanarudi, tena kujaa kwa alfajiri na kwa jioni havilingani, siku nyingine kwa alfajiri kunapanda zaidi. Zipo programu za simu za kuonyesha maji kupwa na kujaa, weka, lakini wenyeji wanahesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu na hawakosei. Muulize mtu yeyote mwenye kalenda ya msikitini leo mwezi ngapi, akikwambia mwezi kumi na tano ujue upo bamvua, akikwambia mwezi nane lala kwa amani.

Mahali pa kuweka hema sasa. Ukifika ufukweni utaona mistari ya uchafu, mwani mkavu, vijiti, makumbi, makopo, ndala za upande mmoja (ndala za upande mmoja za dunia nzima zinaishia kwetu sijui kwanini). Huo ni mpaka wa maji, ila usidanganyike na mstari wa chini ambao bado mbichi, huo ni wa leo. Tafuta mstari wa juu kabisa ule uliokauka mpaka umekuwa mweupe, huo ndo wa bamvua. Wewe nenda juu ya huo, pale ambapo ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau umeota vizuri, mmea huo haujengi nyumba panapofikwa na maji kila mwezi. Hapo ongeza hatua kumi zako za usalama.

Alafu inua kichwa uangalie juu. Usilale chini ya mnazi hata kama kivuli chake kinakuita kwa jina. Nazi ni kilo na zaidi inatoka mita kumi na tano hivi, haiulizi, na hata kuti kavu peke yake likishuka linapasua hema. Watu wa pwani wenyewe huwakuti wamelala chini ya mnazi wenye nazi, wewe wa Mbeya unalala kwa sababu gani? Mimi napenda mivinje, majani yake yakianguka yanakuwa kama godoro, kivuli kizuri, ila yana mambo mawili: usiku upepo ukipita mle unasikia kama mvua inanyesha, usiku wa kwanza utatoka nje mara tatu kuanua nguo, na majani yake makavu yanashika moto upesi mno, jiko likae mbali, huko chini kwenye mchanga mtupu. Kwenye mikoko usijaribu kabisa, utaliwa na mbu na usubi mpaka ujute, tena tope lake likipata maji unaamka unaogelea. Na midomo ya mito iache, Wami na Pangani ina mamba na viboko, hii sio stori ya kutishia watoto.

Kabla ya kupiga kigingi cha kwanza, hodi. Wengi wanasema ufukwe ni wa umma, mimi nakaa popote. Ni kweli sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini, lakini hapo nyuma yako ule mnazi una mwenyewe, lile shamba la mikorosho lina mwenyewe, na hata hapo mchangani ndipo watu wanapandisha ngalawa zao na kuanika dagaa, sasa wewe umeweka hema kwenye njia ya ngalawa saa 11 asubuhi watu kumi wanasukuma chombo wanakukuta umelala na chupi inaning'inia kwenye kamba. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, kama kijiji kina kikundi cha BMU, wale wanaosimamia uvuvi na ufukwe wa pale, nenda na huko, jitambulishe, mko wangapi, mnalala siku ngapi. Inachukua nusu saa na soda moja. Faida yake ni kwamba usiku mtu akiona tochi zenu anajua ni wale wageni wa mwenyekiti, sio wezi wa nyavu wala majangili wa kasa, na mkipata shida mna pa kugonga. Ukitaka usalama zaidi omba wakutafutie kijana wa kulinda, mpatane hela kabla sio asubuhi. Mimi sijawahi kuibiwa nilipoaga kijijini. Nimeibiwa mara moja tu, kwenye ufukwe wa mjini nilipojificha kusudi nisilipe, simu na sufuria, sufuria lilikuwa na wali.

Kama unaogopa haya yote, zipo hoteli na kambi za pwani nyingi zinaruhusu uweke hema kwenye eneo lao kwa malipo, unapata choo, bafu la maji baridi na mlinzi. Kwa mara ya kwanza, hasa mkiwa na watoto, fanya hivyo hakuna aibu.

Wakati gani wa kwenda? Masika achana nayo, Machi mwishoni mpaka Mei, njia za udongo zinakuwa uji na mbu wanazaliana kama hawana akili nzuri. Mei hiyohiyo, mwaka 2024, kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, kwa hiyo hata ukienda miezi mingine fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema upepo mkali na mawimbi makubwa wewe usibishane nao kwa sababu umeona jua. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kusi, upepo wa kusini, ubaridi mzuri wa kulala lakini bahari imechafuka na hema lazima lifungwe kisawasawa. Desemba mpaka Machi mwanzoni ni kaskazi, bahari safi, joto la kufa mtu, ndani ya hema saa 3 asubuhi ni tanuri la mikate. Kwangu mimi Septemba na Oktoba ndo penyewe, kusi limechoka, mvua za vuli hazijakolea, maji yametulia unaona mpaka chini. Elekeza mgongo wa hema kusini wakati wa kusi, kaskazini wakati wa kaskazi, na ujue usiku wa manane kuna kaupepo kengine ka umande kanatoka nchi kavu, kanakuja upande ambao hukuutegemea.

Vigingi vile vyembamba vilivyokuja na hema kwenye mchanga ni mapambo, upepo mmoja tu vyote vimeng'oka vinaning'inia. Chukua vijiti vya urefu wa mkono au hata chupa za maji zilizojaa mchanga, funga kamba katikati, chimba shimo la kufika kwenye kiwiko, laza kijiti humo ndani kama unazika, kamba itoke, fukia, kanyaga, mwagia maji kidogo mchanga ushikane. Hiyo hata kusi la Julai halitoi. Viroba vya mchanga navyo vinafanya kazi, vinne, kila kona kimoja. Ndani weka mkeka chini, godoro la kukunja juu yake, na mambo ya blanketi zito sahau, doti ya kanga au kikoi na shuka moja inatosha mwaka mzima, labda Julai uongeze sweta.

Usafiri nitasema haraka. Kutoka Dar mabasi ya Tanga yanapita Chalinze na Segera, ni kama kilomita 350, ukifika Tanga unachukua gari la Pangani, pale unavuka mto kwenda Bweni, alafu bodaboda mpaka Ushongo. Ile njia ya pwani ya Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Mkwaja mpaka Pangani ndo tamu yenyewe, lakini ujenzi wa lami yake na wa daraja kubwa la Pangani umekuwa wa vipande vipande kwa miaka, kwa hiyo ulizia wiki hiyohiyo unayosafiri, usiniamini mimi wala ramani ya simu. Mtungi wa gesi usiingie nao kwenye basi, nunua mkaa hukohuko. Na hela ndogondogo, elfu moja moja na mia tano, toa kabla hujaacha mji, wakala wa kijijini wapo lakini siku nyingine anakwambia hana salio mpaka kesho.

Saadani ina utaratibu wake. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inakutana na bahari moja kwa moja, unaweza kuona nyayo za tembo kwenye mchanga wa ufukwe, lakini ndo maana pia hujipangii pa kulala, unalala kwenye kambi zao rasmi, unalipia kwa kadi au namba ya malipo sio noti mkononi, na ukishaingia hema usiku hutoki kutembea ufukweni kimahaba, kuna simba na chui mle. Adui wako mkubwa pale hata hivyo ni nyani na tumbili. Nyani anajua zipu. Nimeona kwa macho yangu nyani anafungua hema la watu, anatoka na mkate wa siha mzima, anakaa pembeni anakula anawaangalia. Chakula chote ndani ya gari au kwenye ndoo yenye mfuniko wa kufunga kwa kamba. Huku nje ya hifadhi nyani ni wachache lakini usiku kuna kaa, hao wanabeba ngozi za samaki, mifupa, hata sabuni nishapoteza. Na ukisikia mtoto analia juu ya mti saa 6 usiku usiite watu, ni komba, kanyama ka usiku, huyo anatafuta pombe ya mnazi ya wagema.

Maji ya kunywa. Hapa ndo watu wanaharibikiwa kwa sababu umezungukwa na maji unasahau. Jua la pwani pamoja na upepo unakausha jasho hulioni, mtu mmoja hesabu lita 4 mpaka 5 kwa siku za kunywa na kupikia, watatu siku mbili ni madumu mawili ya lita 20 ukijumlisha na kunawa. Visima vya karibu na bahari vingi maji yake yana chumvichumvi, ya kuoshea sawa, ya kunywa yachemshe au weka dawa ya maji, alafu hata ukichemsha chumvi haitoki, chai itakuwa na ladha ya machozi. Madafu yapo, mwite kijana apande akushushie, mpatane bei akiwa bado chini. Ila dafu sio maji ya siku nzima, ukinywa matano tumbo litakujulisha.

Chakula, aah, hapa ndo penyewe, na hapa mwezi unarudi tena. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa wanatoka kwenye giza la mwezi, maana mwanga wa mwezi unawaharibia, dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu dagaa ni wachache na wavuvi wengi wanashona nyavu, siku za giza dagaa wamemwagika mpaka paka wamechoka. Pweza wana hesabu nyingine, wanatafutwa kwa miguu kwenye miamba maji yakikupwa sana, yaani bamvua, saa 4 asubuhi akina mama na vijana wako kule na vijiti vyao, saa 6 mchana wanarudi, ukisimama pale njiani kwa adabu unanunua pweza bado anabadilika rangi. Wageni wengi wanaenda jioni wanauliza pweza wanaambiwa wameisha, wanafikiri wanabaguliwa, kumbe saa tu.

Samaki wa ngalawa nenda asubuhi wanapotua. Angalia jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Changu na tasi kwa kuchoma, kolekole kwa mchuzi, vibua kama hela ni ndogo, na vibua vya kukaanga usividharau. Tasi wakati wa kuwaparua angalia miiba yao inachoma vibaya. Kama huna ujuzi usile samaki uliyemvua mwenyewe bila kumuonyesha mwenyeji, kuna bunju, huyu anayejivimbisha kama mpira, ana sumu inaua na kupika hakuiondoi. Na nyama ya kasa usikubali hata ukikaribishwa kwa upendo gani. Kwanza ni kosa kisheria, pili inaweza kuwa na sumu, Machi 2024 kule kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kuila, 8 kati yao watoto.

Mimi kambini napika chukuchuku karibu kila siku, maana haitaki mafuta wala vyombo vingi. Samaki vipande, chumvi, ndimu mbili, kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi nzima usiipasue, maji ya kufunika tu, dakika kumi na tano, unakula na mhogo wa kuchemsha au mkate wa dukani. Jiko la mkaa chimbia kwenye shimo la shibiri moja, upepo usile mkaa wako wote. Pweza ukimpata mpondeponde kwenye jiwe kwanza, alafu mweke kwenye sufuria bila maji bila chumvi, moto mdogo, atatoa maji yake mwenyewe ajipike nayo, hata saa nzima mwache, chumvi mwishoni ukiona inahitajika. Ukimwekea maji na haraka yako utatafuna ndala. Asubuhi wala usipike, nenda kijijini, kuna mama anachoma vitumbua, kuna uji wa pilipili manga, unakaa kwenye benchi unaamkia watu, habari zote za bahari za siku hiyo unazipata pale bure. Ukienda mwezi wa Ramadhani kula kwako kuwe ndani ya hema au nyuma ya kichaka, na jioni jiandae maana hautapika, utaitwa kufuturu. Kaptula na nguo za kuogelea ni za majini tu, ukipanda kijijini jifunge kikoi au kanga, hata kama hakuna atakayekwambia kitu.

Kutembea kwenye miamba maji yakikupwa ni raha kubwa kuliko hata kuogelea, ila viatu, tena viatu vya kufunga sio ndala. Kuna wale weusi wa miiba mirefu kama nungunungu wadogo, ukimkanyaga mwiba unakatikia ndani. Wenyeji wanapaka utomvu wa papai bichi, na mimi ulinisaidia, lakini ukivimba nenda zahanati. Kwenye mchanga wa majini tembea kwa kuburuza miguu usinyanyue, taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, anajifukia hapo, ukimgusa ubavuni anakimbia, ukimkanyaga anakupiga mkia. Akikupiga yeye au samaki yeyote wa miiba ya sumu, dawa ya kwanza ni maji ya moto, sio ya kuunguza, ya moto unaoweza kuvumilia, tumbukiza mguu nusu saa na zaidi huku mnatafuta usafiri wa hospitali. Kombe zenye umbo la koni zikiwa hai usiokote hata ziwe nzuri vipi, zingine zina mshale wa sumu. Konyeza nao wapo, wale laini kama jeli wanaowasha, hasa bahari ikichafuka, ukiona wamejaa pwani usiingie.

Alafu geuka mapema. Maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele peke yake kama unavyofikiri, yanapita kwanza kwenye vile vifereji nyuma yako, unageuka unakuta kati yako na nchi kavu kuna mto. Mimi nikiona wale wanaotafuta pweza wameanza kurudi, narudi nao, sijali nimeona nini mbele. Na kuogelea karibu na mlango, pale mwamba ulipokatika maji yanatokea, usiogelee maji yakitoka, mkondo wake hata mtu mwenye mbavu haushindi.

Kama umefika Ushongo lazima watakwambia Maziwe. Ni kisiwa cha mchanga, hifadhi ya bahari, zamani kilikuwa na miti kabisa na kasa wanataga, miti ikaisha, sasa hivi maji yakijaa kinazama chote. Watu wazima na akili zao wameniuliza kama wanaweza kulala kule. Hapana. Ni safari ya asubuhi, boti inategeshwa na maji yanavyokupwa, mnakaa masaa machache, mnaondoka kisiwa kinaanza kupungua miguuni kwenu. Kofia na shati la mikono mirefu, kule hakuna kivuli hata cha kidole.

Mbu wanaanza saa 12 jioni jua likishuka tu, wewe saa 11 na nusu hema liwe limefungwa tayari, sio unafunga saa 2 usiku umeshawakaribisha wote. Choma makumbi ya nazi upande upepo unakotoka, moshi wake mbu hawaupendi na wewe utanukia samaki wa kupaka ila utazoea. Suruali ndefu na soksi, usubi wanapenda vifundo vya miguu. Na ukirudi nyumbani, hata wiki mbili baadae ukapata homa, kapime malaria hapohapo usiseme ni uchovu wa safari.

Choo. Hakuna anayependa kuandika hii sehemu. Kama umeaga kijijini omba choo cha nyumba ya jirani, mpe mama mwenye nyumba sabuni ya unga na hela kidogo. Kama hakuna kabisa chimba shimo huko nyuma mbali na maji na mbali na visima, fukia vizuri. Kwenda ufukweni eti bahari itasafisha, bahari ni hiyohiyo saa 10 inakurudishia mlangoni.

Takataka zako rudi nazo mjini, kijijini hakuna gari la taka, ukiwaachia wataenda kuzitupa mikokoni. Beba kiroba, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku kwetu tangu Juni 2019, na ukivuka Horohoro kwenda Lunga Lunga wenzetu walianza Agosti 2017 na hawana utani. Usiku kama ufukwe una mayai ya kasa zima taa nyeupe, vifaranga wanafuata mwanga, wakikosea wanakuja kwenye hema lako badala ya baharini. Tena giza la mwezi lina zawadi yake, ingia maji ya magotini usipige tochi, yapige kwa mkono, yanawaka vimulimuli. Mara ya kwanza nilifikiri ni macho yangu.

Ya mwisho ni chumvi, inaua vifaa kimyakimya. Simu iweke kwenye kopo lenye mfuniko na kitambaa kikavu, chaji ukiwa kijijini kwenye duka lenye sola. Ukifika nyumbani usilikunje hema likae, hata kama umechoka, lisuuze lote na maji yasiyo na chumvi, zipu uzipitishie mswaki wa zamani zikikauka uzisugue na kipande cha mshumaa. Hema langu la kwanza zipu ziliota kutu ndani ya mwezi mmoja, kabla hata sijapata viatu vingine.